Sufuri Isiyo Sufuri: Kusaka Hitilafu za Ukokotoaji katika Maktaba ya NumPy

Utangulizi

Mwanaisimu anayetaka kujua ni yupi kati ya watu wawili aliyeandika barua isiyo na jina anaweza kuikabidhi tarakilishi kazi hiyo. Huhesabu mara ambazo kila neno limetumiwa katika maandishi yanayojulikana ya mtu wa kwanza, kisha ya mtu wa pili. Kutokana na hesabu hiyo hupata uwezekano wa kila neno, na hatimaye huzidisha uwezekano wa maneno yote yaliyomo katika barua. Mtu ambaye zao lake ni kubwa zaidi ndiye anayeshukiwa. Hoja hiyo haina kasoro, na programu yenyewe huenda isiwe na kosa hata moja la tahajia. Hata hivyo, barua ikiwa na maneno 120 tu, tarakilishi yaweza kujibu kwamba uwezekano wa mtu wa kwanza ni 0.0 na wa mtu wa pili pia ni 0.0. Haitoi onyo wala ujumbe wa kosa. Inatoa jibu batili kwa utulivu uleule inaotumia kutoa jibu sahihi.

Makala haya yanadhamiria kueleza chanzo cha majibu ya aina hiyo na namna ya kuyasaka, kwa kurejelea NumPy, maktaba ya programu inayotumiwa na watu wengi wanaofanya hesabu za kisayansi katika lugha ya Python. Neno maktaba hapa halimaanishi jengo lenye rafu. Ni mkusanyiko wa taratibu zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambazo mwandishi wa programu huziazima badala ya kuziunda upya. NumPy ilianzishwa na Travis Oliphant mwaka wa 2005 kwa kuunganisha maktaba mbili zilizotangulia, Numeric na Numarray, na toleo lake la 1.0 likatoka mwaka wa 2006. SciPy, iliyoanza mwaka wa 2001, hutegemea safu za nambari za NumPy na kuongeza taratibu za takwimu, aljebra na utatuzi wa milinganyo. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kudhani kwamba haya ni ya wanafizikia. Lakini isimu ya kopasi, fonetiki ya maabara na tafsiri ya mashine zote husimama juu ya hesabu hizi, na mtafiti asiyejua zinavyoweza kupotoka hana njia ya kujua kama jedwali alilolichapisha katika tasnifu yake ni la kweli.

Kwa Nini Sehemu ya Kumi Haienei

Yeyote aliyewahi kugawa 1 kwa 3 anajua kwamba jibu lake, 0.333, halina mwisho. Kasoro haimo katika theluthi yenyewe, bali katika mfumo wa kuiandika. Mfumo wa kumi unaweza kuandika kikamilifu zile sehemu tu ambazo vigawe vyake vimejengwa kwa 2 na 5. Tarakilishi hutumia mfumo wa mbili, wenye tarakimu 0 na 1 pekee, nao huweza kuandika kikamilifu zile tu zilizojengwa kwa 2. Nusu na robo zinaenea. Sehemu ya kumi haienei. Ikiandikwa katika mfumo wa mbili, tarakimu zake hujirudia bila kikomo kama zile za theluthi, na kwa kuwa nafasi ya kuzihifadhi ina kikomo, hapana budi zikatwe mahali fulani.

Ndiyo maana mwanagenzi anayeiuliza Python jumla ya 0.1 na 0.2 hujibiwa 0.30000000000000004. Wengi hudhani wamegundua dosari katika programu na hukimbilia kuiripoti. Hakuna dosari. Kilichohifadhiwa tangu mwanzo hakikuwa 0.1, bali nambari iliyo jirani yake kabisa, kubwa kidogo kuliko yenyewe.

Kanuni za kuhifadhi nambari hizi ziliwekwa mwaka wa 1985 katika kiwango cha kimataifa kinachoitwa IEEE 754, ambacho William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa msanifu wake mkuu. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na utaratibu wake, na programu moja iliweza kutoa majibu tofauti katika mashine mbili. Kwa mujibu wa kiwango hicho, nambari ya kawaida hupewa biti 64: moja ya alama ya chanya au hasi, 11 za kipeo, na 52 za tarakimu zenyewe. Kwa kuwa kipeo huisogeza nukta mbele au nyuma, nambari hizi huitwa nambari za nukta inayoelea. Istilahi hiyo huenda ikamchekesha msomaji wa pwani aliyezoea kuona vitu vingine vikielea, lakini inaeleza jambo halisi: nukta haijatiwa nanga. Nambari ya namna hiyo hubeba takriban tarakimu 16 za mfumo wa kumi, na hakuna ya ziada. Anayehitaji tarakimu ya 17 anaandika juu ya maji.

Athari yake ya kwanza ni kwamba nambari hazikupangwa kwa umbali sawa. Karibu na 1, umbali kati ya nambari moja na inayofuata ni mdogo mno. Kadiri nambari zinavyokua ndivyo mapengo yanavyopanuka. Baada ya 9007199254740992, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 53, hata nambari kamili huanza kurukwa: ukiongeza 1, jibu hubaki lilelile.

Dhahran, Februari 1991

Huenda msomaji akauliza kama tarakimu ya 17 inastahili makala. Tukio moja linatosha kumjibu. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa Vita vya Ghuba, kombora la Scud lililorushwa na Iraki liliangukia kambi ya wanajeshi wa Marekani huko Dhahran, Saudia, likawaua 28. Palikuwapo mtambo wa kujikinga wa Patriot uliowekwa kuzuia makombora kama hayo. Ulikuwa umewashwa. Haukufyatua chochote.

Ripoti ya ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iliyotolewa Februari 1992 ilieleza chanzo. Saa ya mtambo ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, kisha ikazidisha hesabu hiyo kwa 0.1 ili kupata sekunde. Hiyo 0.1 ilikuwa imehifadhiwa katika biti 24 tu, na mkia wake ukakatwa. Kilichopotea kilikuwa takriban 0.000000095. Ni kiasi ambacho hakuna mhasibu angekisumbukia. Lakini mtambo ule ulikuwa umekaa ukifanya kazi kwa saa 100 mfululizo, yaani sehemu za kumi za sekunde 3,600,000, na haba na haba ile ikawa sekunde 0.34. Scud huenda zaidi ya mita 1,600 kwa sekunde. Kwa hiyo mtambo ulitazama mahali palipokuwa zaidi ya nusu kilomita kutoka kombora lilipokuwa, haukuona kitu, ukakata shauri kwamba hakuna cha kuzuia.

Kwa msomaji wa lugha, sehemu inayouma zaidi ya ripoti hiyo si ya hesabu. Tatizo lilikuwa limekwisha kujulikana. Wiki mbili kabla ya maafa hayo, takwimu kutoka Israeli zilikuwa zimeonyesha kwamba mtambo hupoteza usahihi baada ya saa nane tu za kufanya kazi. Tarehe 21 Februari watumiaji walipelekewa ujumbe wa kuwatahadharisha kwamba kuuacha mtambo ukifanya kazi kwa muda mrefu sana kungeweza kuupotosha. Ujumbe haukusema muda mrefu sana ni saa ngapi. Waliouandika walichukulia kwamba hakuna ambaye angeuacha mtambo bila kuuzima kwa muda kama huo. Walioupokea hawakuwa na sababu ya kudhani kwamba siku nne ni nyingi. Kuuzima na kuuwasha upya kungeirudisha saa katika sufuri, na kazi hiyo ingechukua dakika moja au mbili. Programu iliyorekebishwa iliwasili Dhahran tarehe 26 Februari, siku moja baada ya maafa.

Mifano isiyo ya damu ni mingi. Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha kielezo chake mwezi wa Januari 1982 kwa thamani ya 1000. Kila baada ya biashara kielezo kilikokotolewa upya, na tarakimu zilizozidi tatu baada ya nukta zikakatwa badala ya kukadiriwa. Kufikia Novemba 1983 kilikuwa kimeshuka hadi karibu 520, ilhali thamani yake halisi ilikuwa karibu 1099. Kwa takriban miaka miwili wawekezaji walilitazama soko lao likizama, na kumbe lilikuwa likipanda.

Aina ya Nambari Kwanza

Mtu anayekabiliwa na jibu la ajabu aghalabu huanza kubadilisha fomula. Hilo ni kosa la utaratibu. Jambo la kwanza ni kupunguza tatizo: badala ya kopasi yenye maneno milioni mbili, achukue sentensi tatu ambazo jibu lake anaweza kulikokotoa kwa kalamu. Kama hitilafu inatoweka katika data ndogo, basi ukubwa wenyewe ndio mshukiwa. Kama inabaki, amepata mfano ambao mtu mwingine anaweza kuusoma katika dakika tano.

Jambo la pili ni kuiuliza safu ya NumPy ni ya aina gani. Kila safu hubeba sifa inayoitwa dtype, nayo hutaja kama nambari zilizomo ni kamili au za nukta inayoelea, na zimepewa biti ngapi. Nambari kamili ya biti 16 haiwezi kuzidi 32767. Ukiongeza 1 katika safu ya aina hiyo, NumPy hukupa -32768, mfano wa mita ya gari kuukuu inayofika mwisho na kuanza upya, isipokuwa hii huanzia upande wa hasi. Python yenyewe haina kikomo hicho kwa nambari kamili. NumPy inacho, kwa sababu imebadilisha upana kwa kasi. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliporuka kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4 ilijaribu kuishindilia nambari kubwa katika nafasi ya biti 16. Mfumo wa uelekezaji ulizimika na roketi ikasambaratika takriban sekunde 40 baada ya kuruka.

Upande wa nukta inayoelea pia una mitego ya upana. Mtafiti wa fonetiki anayepima urefu wa irabu huweza kupokea rekodi ambazo saa yake imehesabiwa kwa sekunde tangu mwaka wa 1970, kama ilivyo desturi ya tarakilishi nyingi. Nambari hizo huzidi 1,700,000,000. Akizihifadhi kama float32 ili kuokoa nafasi, pengo kati ya nambari moja na inayofuata katika eneo hilo ni sekunde 128. Irabu ya sekunde 0.08 huanza na kumalizika katika nambari ileile, na urefu wake ukawa sufuri. Tiba ni kupunguza kwanza: atoe muda wa mwanzo wa rekodi wakati nambari zingali float64, kisha ndipo azipunguze biti akipenda.

Jambo la tatu ni kutafuta nan. Hii ni alama ya kisicho nambari, inayozaliwa, mathalani, sufuri inapogawiwa kwa sufuri au kipeuo cha pili cha nambari hasi kinapotafutwa. Sifa yake kuu ni kuambukiza. Safu ya vipimo elfu kumi ikiwa na nan moja, wastani wake wote huwa nan. Ina ukaidi mwingine pia: haiwi sawa hata na yenyewe, kwa hiyo anayeitafuta kwa alama ya usawa hataipata, na sharti atumie np.isnan. NumPy ina utaratibu wa np.nanmean unaoruka nambari hizo na kutoa wastani wa zilizobaki. Ni dawa inayotuliza maumivu bila kugusa ugonjwa. Afadhali mchunguzi aandike np.seterr(all='raise') mwanzoni mwa programu, ili operesheni ya kwanza ya nukta inayoelea inayokiuka kanuni isimamishe kazi papo hapo na kutaja mstari wake. Kwa amri hiyo hata ile sufuri ya barua isiyo na jina, maadamu uzidishaji unafanywa na NumPy, hukoma kuwa kimya.

Hatari ya Kutoa

Kujumlisha na kuzidisha hupoteza kidogo. Kutoa nambari mbili zinazokaribiana ndiko kunakoangamiza. Iwapo nambari mbili zina tarakimu 16 kila moja na 14 za mwanzo ni sawa, baada ya kutoa hubaki tarakimu mbili tu za kuaminika, na nafasi zilizobaki hujazwa na takataka.

Mlinganyo wa kipeo cha pili unaofundishwa katika kidato cha tatu unaonyesha hali hii vizuri. Uchukuliwe mlinganyo ambamo mraba wa x, ukitolewa 100000000x na kuongezwa 1, ni sawa na sufuri. Jibu lake dogo ni karibu 0.00000001. Fomula iliyokaririwa shuleni, ikitumiwa katika biti 64, hutoa takriban 0.00000000745. Ni kosa la robo nzima, na fomula si mbaya wala mashine haijaharibika. Fomula inataka nambari itolewe kutoka kwa jirani yake. Anayelijua hilo hutafuta kwanza jibu kubwa, ambalo halina utoaji wa aina hiyo, kisha hugawa 1 kwa jibu hilo, kwa kuwa zao la majibu yote mawili ni 1. Hesabu ni ileile kwa karatasi lakini si ileile kwa mashine.

Vivyo hivyo kwa variansi. Vitabu vingi vya takwimu hufundisha njia ya mkato: chukua wastani wa miraba, utoe mraba wa wastani. Kwa alama za mtihani njia hiyo haina neno. Kwa zile saa za rekodi zilizotajwa, miraba huwa mikubwa kiasi kwamba pengo kati ya nambari jirani hufika 512, na variansi ya milisekunde hutoka sufuri, au mamia, au hata hasi. Ikitoka hasi, mkengeuko sanifu, ambao ni kipeuo chake cha pili, huwa nan, na mchunguzi hujikuta akisaka nan ambayo mzazi wake ni utoaji uliofanyika mistari kumi nyuma. Utaratibu wa np.var hauna tatizo hili kwa sababu huondoa wastani kwanza ndipo upate miraba. Hii ni sababu tosha ya kutoandika upya kile ambacho maktaba imekwisha kuandika.

Kwa kuwa kila hatua hukata mkia, haifai kuuliza kama nambari mbili za nukta inayoelea ni sawa kabisa. Huulizwa kama zinakaribiana, na np.isclose iliundwa kwa kazi hiyo. Lakini hata yenyewe ina mtego kwa wanaisimu. Isipoelekezwa vinginevyo, hukubali tofauti yoyote iliyo chini ya takriban 0.00000001. Neno linalotokea mara moja katika maneno bilioni na neno linalotokea mara tatu litaambiwa kwamba yana uwezekano sawa, ilhali moja ni mara tatu ya jingine. Anayelinganisha uwezekano mdogo sharti aweke atol kuwa sufuri.

Barua Isiyo na Jina

Sasa yaweza kurejelewa ile barua ya maneno 120. Tuseme kila neno lina uwezekano wa 1 kwa 1000. Zao la yote ni 10 kwa kipeo cha hasi 360. Nambari ndogo kabisa iliyo chanya ambayo biti 64 zinaweza kuihifadhi ni karibu 5 mara 10 kwa kipeo cha hasi 324. Chini ya hapo hakuna kitu ila sufuri. Barua ilizama karibu na neno lake la 108, na maneno yaliyofuata yalizidishwa kwa sufuri.

Tiba yake inajulikana na kila aliyesoma sekondari nchini Kenya akiwa na kijitabu cha majedwali ya hisabati mkononi. Badala ya kuzidisha, logi hujumlishwa. Logi ya 0.001 ni -3, na mara 120 ni -360, nambari ambayo mashine huihifadhi bila taabu. Mtu wa pili akipata -366, inajulikana bila shaka kwamba wa kwanza anauzidi uwezekano wake mara milioni moja. Majedwali yale yalibuniwa kuwapunguzia wanadamu kazi ya kuzidisha. Katika tarakilishi, ambayo haichoki kuzidisha, yamepata kazi ya pili.

Matatizo mawili hubaki. La kwanza ni la kurejesha asilimia. Mtafiti akitaka kusema kwamba mtu wa kwanza ana uwezekano wa asilimia fulani, itambidi atoke katika logi, na akitoka tu nambari zake huzama tena. Njia ni kutoa kwanza logi iliyo kubwa kutoka kwa zote mbili. Hapo -360 na -366 huwa 0 na -6, nambari zisizo na hatari, na uwiano haubadiliki. SciPy ina utaratibu uitwao logsumexp unaofanya kazi hii kwa logi asilia.

Tatizo la pili si la mashine hata kidogo. Barua ikiwa na neno moja ambalo mtu wa kwanza hakuwahi kulitumia katika maandishi yake yanayojulikana, uwezekano wa neno hilo ni sufuri, logi yake ni hasi isiyo na mwisho, na mtu huyo anafutiwa shaka yote kwa neno moja. NumPy hutoa onyo la kugawa kwa sufuri, na mwanagenzi huanza kusaka mgawanyo ambao hauko katika programu yake. Onyo hilo linahusu logi ya sufuri. Kwa Kiswahili hali hii hutokea mno kuliko kwa Kiingereza, kwa sababu kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba nafsi, njeo, mtendwa na kauli, na mtu anaweza kuandika maisha yake yote bila kutumia umbo kama tulipowaandikishia. Kutolitumia hakumaanishi kwamba hawezi kulitumia. Wengi hutibu hali hii kwa kuongeza 1 katika hesabu ya kila neno ili pasiwe na sufuri, njia iliyopewa jina la Laplace. Njia iliyo bora kwa Kiswahili ni kukichambua kitenzi hadi mofimu zake kabla ya kuhesabu. Hapo ujuzi unaohitajika ni wa mofolojia, na mwanahesabu hana budi kumngoja mwanaisimu.

Jibu Sahihi la Swali Jingine

Baadhi ya hitilafu si hitilafu. Wanafunzi wawili wakipewa alama 4, 6 na 8, mmoja akitumia np.std atapata mkengeuko sanifu wa 1.63, na mwingine akitumia pandas, maktaba iliyojengwa juu ya NumPy, atapata 2. Wote wako sahihi. NumPy hugawa kwa idadi ya vipimo, yaani 3. Pandas hugawa kwa idadi hiyo ikipunguzwa moja, yaani 2, kama ifanyavyo lugha ya R, kwa kuchukulia kwamba data ni sampuli. Anayetaka NumPy ifanye hivyo huandika ddof=1. Tasnifu isiyotaja ni kigawe kipi kilichotumiwa haiwezi kurudiwa na mtu mwingine, na wasimamizi wachache sana huuliza.

Kuna pia maswali ambayo yenyewe hayasimami imara. Ikiwa x na y jumla yake ni 2, na x pamoja na 1.0001y ni 2.0001, majibu ni 1 na 1. Nambari ya mwisho ikibadilishwa kuwa 2.0002, majibu huwa 0 na 2. Badiliko la sehemu moja ya elfu kumi limepindua kila kitu. Utaratibu wa np.linalg.cond hupima udhaifu huu: kwa milinganyo hii hutoa karibu 40,000, maana yake tarakimu nne au zaidi za usahihi zinapotea njiani. Mtafiti wa usomaji anayetumia urefu wa neno kwa herufi na urefu wake kwa silabi kama vigezo viwili vya modeli moja anajitengenezea hali kama hiyo. Silabi nyingi za Kiswahili ni konsonanti na irabu, na vigezo hivyo viwili karibu ni kigezo kimoja kilichoandikwa mara mbili. Hakuna maktaba itakayomtibu. Sharti aache kimoja.

Kuomba Msaada

Mtu aliyeshindwa huandikia wenzake. Hapa kosa la ujumbe wa tarehe 21 Februari 1991 hurudiwa kila siku, ingawa kwa gharama ndogo. Huandikwa kwamba programu inatoa nambari za ajabu, au kwamba inakataa, au kwamba data ni kubwa sana. Hakuna awezaye kumsaidia mtu huyo bila kumhoji kwanza, na wengi hawana nafasi ya kumhoji.

Ripoti inayofaa hutaja toleo la maktaba, mfumo wa uendeshaji, aina ya safu, mfano mdogo, jibu lililotarajiwa na jibu lililopatikana. Mathalani: NumPy 1.26 katika Windows, safu ya idadi za maneno, aina int32, 60000 ikizidishwa kwa 60000, lilitarajiwa 3600000000, limepatikana -694967296. Anayeijua kazi hii hahitaji swali la pili. Hutoa jibu moja kutoka kwa jingine na kupata 4294967296, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 32, na papo hapo anajua kwamba safu imefurika. Anajua pia kwa nini tatizo halionekani katika Linux ya mwenzake: kabla ya toleo la 2.0 lililotoka mwaka wa 2024, NumPy katika Windows ilizipa nambari kamili biti 32 isipoambiwa vingine, ilhali katika Linux ya biti 64 ilizipa 64. Jibu atakaloandika ni mstari mmoja: badilisha aina ya safu iwe int64 kabla ya kuzidisha.